Noxo na anoxo: chuki ya Kilatini ilivyogeuka hasira, kinyaa na matanga

Mgeni anayejifunza Kiswahili akiambiwa "Shangazi amechukia" anaweza kushtuka. Alifundishwa kuwa kuchukia ni kutompenda mtu kabisa, na sasa anajiuliza amekosa nini mpaka achukiwe. Sisi tunajua hakuna kubwa. Shangazi alipita, watoto hawakumwamkia, amenuna. Akiletewa chai na kuombwa radhi, yatakwisha. Kesho yake shangazi huyohuyo atasema harufu ya mtaro inachukiza, na hapo hana ugomvi na mtu, anaziba pua tu. Mzizi ni uleule mmoja, chuki, lakini unabeba chuki yenyewe, hasira na kinyaa, wala hatuoni ajabu.

Nimeanza na shangazi kwa sababu neno ninalotaka kulifungua hapa ni la mbali, la Galicia, na wanaolikuta mara ya kwanza hulalamika kwamba halieleweki. Kumbe limefanya alichofanya shangazi, tena kwa mzizi wenye maana ileile.

Galicia ni ile kona ya kaskazini-magharibi ya Hispania, juu kidogo ya Ureno, inayopigwa na mvua na mawimbi ya Atlantiki. Mji wake mkuu ni Santiago de Compostela. Wenyeji wana lugha yao, Kigalisia, ambayo ni ndugu wa Kireno kuliko ilivyo ndugu wa Kihispania. Karne ya 13 hivi ilikuwa lugha ya mashairi ya kuimbwa kiasi kwamba hata Alfonso X, mfalme wa Castilla, alipotaka kumsifu Bikira Maria kwa nyimbo aliacha Kihispania chake akatumia hii. Baadaye ikashuka hadhi. Karne kadhaa haikuandikwa sana, na wakati wa utawala wa Franco, dikteta wa Hispania, kuanzia 1939 hadi 1975, ilibaki ya jikoni, shambani na kwenye mashua, huku shule na ofisi zikiwa za Kihispania. Tangu sheria ya kujitawala ya mwaka 1981 ni lugha rasmi Galicia pamoja na Kihispania.

Jambo moja la matamshi, maana bila hilo hatutaelewana: herufi "x" ya Kigalisia husomwa "sh". Kwa hiyo "noxo" ni nosho, "anoxo" ni anosho, na "hoxe", yaani leo, ni oshe.

Sasa neno lenyewe. "Anoxo", ambalo wengine hulisema "enoxo", ni hasira au maudhi, ile hali ya mtu aliyeudhiwa na jambo likamkaa rohoni. Kitenzi chake ni "anoxar", kuudhi au kukasirisha. Mpaka hapo hakuna tatizo. Tatizo linaanza ukikata "a" ya mbele. "Noxo" si hasira tena, ni kinyaa. Mtoto akiona nzi anaelea kwenye mchuzi wake wa kabichi na viazi, atasukuma bakuli na kusema "Que noxo!", na hajakasirika hata kidogo, anataka kutapika. Kitu cha kutia kinyaa huitwa "noxento". Vuka mto Miño uingie Ureno, neno lilelile, wao wakiandika "nojo", bado ni kinyaa, lakini lina kazi ya pili ambayo Mgalisia wa leo haitarajii: "nojo" ni msiba. Aliyefiwa yuko kwenye nojo. Nchini Brazil, sheria ya kazi humpa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi, mwenza au mtoto hadi siku 2 mfululizo za kutokuwepo kazini bila kukatwa mshahara, na watu wa ofisini huiita "licença nojo", likizo ya matanga. Asiyejua historia ya neno atadhani ni likizo ya kinyaa.

Ukitazama majirani, familia inazidi kupanuka. Kihispania kina "enojo", hasira, na Mmeksiko aliyekasirika husema "estoy enojado". Kikatalani kina "enuig", maudhi. Kiitaliano kina "noia" na Kifaransa kina "ennui", na haya mawili leo maana yake kubwa ni uchovu wa moyo, ile hali ya kukaa bila la kufanya saa zikigoma kusogea. Ingawa hata hilo la Kifaransa halikuzaliwa pole hivyo. Katika tamthilia za karne ya 17, mtu mwenye "ennui" alikuwa na mateso ya rohoni, si mtu anayepiga miayo. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa wa zamani wakapata "annoy", kuudhi. Kwa hiyo tuna hasira, maudhi, kinyaa, msiba na uchovu, na mama yao ni mmoja.

Mama huyo ni maneno mawili ya Kilatini, "in odio". "Odium" ni chuki. Mroma hakuwa na haja ya kusema kila mara "nakichukia kitu hiki". Aliweza kukigeuza akasema "mihi in odio est", ambayo ukiifuata neno kwa neno ni kama kusema: kwangu mimi, kitu hiki kimo ndani ya chuki. Kwa Kiswahili cha kawaida tungesema tu kinanichukiza. Mahali fulani katika Kilatini cha mwisho, kile cha watu wa mitaani dola ilipokuwa inachakaa, "in odio" ikazoeleka kiasi cha kuganda, ikatoa kitenzi kimoja, "inodiare", kuchukiza. Kutoka hapo zikazaliwa "enojar", "anoxar", "ennuyer" na wenzao. "Noxo" ni nomino iliyochongwa kutoka kwenye kitenzi baadaye, mbele yake pakameguka.

Nimekaa na neno hili muda mrefu nikijiuliza kwa nini chuki moja itawanyike hivyo, na jibu langu ni kwamba inategemea mtu anaweza kukifanya nini kile kitu kinachomchukiza. Ukiweza kukigeuzia mgongo, unapata kinyaa, kama yule mtoto na nzi wake. Ukiweza kukikabili, unapata hasira. Kikiwa kimeshatokea na hakirudishiki, kama kifo, unabaki na huzuni. Na kama huwezi kukikimbia wala kukipiga, kipo tu, kila siku, basi chuki yenyewe inachoka na unapata "ennui" ya Wafaransa. Kila lugha ilichagua pembe yake, na Kigalisia kikachagua mbili, kikazitenganisha kwa irabu moja. Huko ni kutumia vitu kwa uangalifu, kama mama anayegawa kanga pande mbili.

Lakini je, neno hili lilikua Galicia kwenyewe, au lililetwa? Hapa ndipo panaponogea, na ushahidi umo kwenye sauti. Anza na Kihispania, maana huko kesi ni rahisi. Kilatini kikiwa na "di" iliyofuatwa na irabu nyingine, Kihispania mara nyingi huigeuza "y". "Hodie", leo, ikawa "hoy". "Podium", jukwaa, ikawa "poyo", benchi la mawe. Kwa kanuni hiyo "in odio" ingetoa kitu kama "enoyo". Hakuna Mhispania anayesema hivyo. Wanasema "enojo", kwa hiyo neno liliingia likiwa limeshavaa nguo za kwingine. Kamusi ya Chuo cha Kifalme cha Hispania inaitaja asili hiyo bila kusita: ni Kioksitani cha kale, lugha ya kusini mwa Ufaransa.

Kwa Kigalisia mtihani huo haufanyi kazi, kwa sababu "hodie" huko ilikuwa "hoxe" kwa njia yake ya kawaida, na "video", naona, ikawa "vexo". "Odio" kuwa "oxo" ni jambo la nyumbani kabisa. Itabidi tutazame herufi nyingine, "n". Kigalisia na Kireno vina tabia ya kumeza "n" ya Kilatini iliyokaa katikati ya irabu mbili. "Luna", mwezi, ikawa "lúa". "Arena", mchanga, ikawa "area". "Plena", iliyojaa, ikawa "chea", na "moneta" ikawa "moeda", sarafu. Sasa tazama "in odio": kuna i, kuna n, kuna o. Hiyo "n" ilipaswa kumezwa kama wenzake. Iko palepale. Ama wasemaji waliendelea kuihisi "in" kuwa kipande cha peke yake kilichopachikwa mbele, na kwa hiyo mpaka wa neno ukaikinga, ama neno lilifika baada ya enzi ya kumeza "n" kupita. Mimi naegemea upande wa pili, kwa sababu tunajua barabara ambayo lingepitia.

Barabara hiyo ni ya mahujaji. Tangu karne ya 9, ilipoenea habari kwamba kaburi la mtume Yakobo limepatikana Galicia, watu walianza kumiminika kutoka pande zote za Ulaya. Kanisa kuu linalosimama Santiago leo lilianza kujengwa mwaka 1075. Njia kubwa ilipita kusini mwa Ufaransa, ikavuka milima ya Pirenei, ikakata kaskazini mwa Hispania yote. Hija haipiti na miguu tu. Walikuja mafundi wa mawe, wafanyabiashara, watawa, wenye nyumba za wageni, na walikuja washairi. Hao washairi wa Kioksitani walikuwa na mtindo mzima wa utungo ulioitwa "enueg", jina ambalo ni neno letu hilihili, yaani maudhi. Bingwa wake alikuwa mtu anayejulikana kama Mtawa wa Montaudon, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Utungo wake unaorodhesha mambo yanayomkera: divai iliyozidishwa maji na kero nyingine za mezani na safarini. Ukiusoma unamwona mtu wa kijiweni kabisa, mwenye malalamiko ya kila aina, ila yeye aliyapanga kwa vina.

Ushahidi wa barabara hiyo uko pia kwenye neno jingine la hasira la Galicia, "coraxe". Mzizi wake ni "cor", moyo kwa Kilatini, na mkia wake, "-axe", ni stempu ya forodha ya Ufaransa. Kilatini kilikuwa na kiambishi "-aticum". Wagalisia wakikilea wenyewe kingekuwa "-ádego", na yapo maneno ya kale yenye mkia huo. Lakini yale ya "-axe" yamepita kwanza kwenye "-age" ya Kifaransa na Kioksitani: "viaxe", safari, "mensaxe", ujumbe, "linguaxe", lugha. Kifaransa cha kale kilisema "corage" kwa maana ya yote yaliyomo moyoni, mema na mabaya. Wafaransa wenyewe wakabaki na ujasiri. Rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno, ikabaki na vyote viwili, ujasiri na hasira, ndiyo maana Mmeksiko akisema jambo fulani "me da coraje" hamaanishi kwamba linampa moyo, linampandisha hasira. Sisi moyo wetu ukienda upande huo unaishia kwenye ujasiri na uvumilivu, tunapiga moyo konde, tunajipa moyo. Hasira tumeipa nyongo. Wagalisia wana pia "carraxe", lenye "r" nzito, ambalo kwa sura linakaa ubavuni mwa "coraxe" lakini ujasiri halina: ni hasira tupu, ya kupaza sauti na kupiga meza. Hata mlio wake unasaidia. Jaribu kulitamka ukiwa umetulia uone.

"Ira" na "rabia" sitakaa nazo. Ya kwanza ni ya Kilatini moja kwa moja, ya pili ni kichaa cha mbwa kilichokopeshwa kwa binadamu.

Turudi pwani kwetu kidogo, kwa sababu msomaji wa Kiswahili ana sababu zake za kutoshangazwa na haya. Wareno waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498 walisema lugha iliyokuwa imetoka tumbo moja na Kigalisia karne chache kabla, na walituachia meza, bendera na gereza. Mgalisia atayatambua: kwake ni "mesa", "bandeira" na "igrexa". Hilo la mwisho litampa shida, kwa sababu "igrexa" ni kanisa. Kwetu neno lilipita kwenye ngome, ambako Wareno walikuwa wakisali, likaja kukaa jela, na Ngome ya Yesu ya Mombasa yenyewe ilitumika kama gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Neno likihama, maana nayo haibaki ilipowekwa.

Na hasira yetu je? Nayo ilipanda jahazi. Kwa Kiarabu "hasra" si ghadhabu hata kidogo. Ni majuto, ni lile pumzi refu la mtu aliyepoteza kitu asichoweza kukirudisha. Kurani, katika sura ya Maryam, aya ya 39, inaitaja Siku ya Kiyama kuwa "yawm al-hasra", na wafasiri wetu wa Kiswahili wameandika siku ya majuto. Aliyeandika siku ya hasira angekuwa amepotoka. Ghadhabu ndiyo hasira ya Kiarabu hasa, nasi tunayo, ila tumeiweka juu, kwa Mungu na wafalme na hotuba. "Hamaki" nayo ina siri yake: jamaa zake wa Kiarabu wanahusu upumbavu, na "ahmaq" ni mjinga. Mwenye kuhamaki, kwa asili ya neno, ni mtu aliyepotewa na akili kwa muda, na sidhani yupo atakayebisha. Ule usemi wa hasira hasara unaotupendeza kwa mlio wake ni bahati ya Kiswahili peke yake. Kwa Kiarabu maneno hayo mawili yanaanza na herufi tofauti, moja ikiwa "h" ya kooni na nyingine "kh", na hayana undugu. Sisi tulizilainisha zote zikawa "h", methali ikazaliwa.

Ukiziweka sambamba, safari mbili zinapishana njiani. Mreno alianza na chuki akafika kwenye msiba. Mswahili alianza na majonzi akafika kwenye hasira. Ndiyo maana naona ni kazi bure kumwambia mtu kwamba maana ya kweli ya neno ni ile ya mwanzo. Mswahili aliyekasirika hajuti, na Mbrazili anayeomba siku 2 za "nojo" hana chuki na marehemu.

Kuna deni moja la kulipa kabla sijaweka kalamu chini. Nimeieleza Galicia kama mpokeaji tu, kana kwamba kila kitu kililetwa na mahujaji, na si haki. Mhispania wa Madrid akikasirika leo hasemi sana "enojado", hilo amewaachia watu wa Amerika ya Kilatini na vitabu. Anasema "enfadado". Na neno hilo, kwa mujibu wa kamusi ileile ya Chuo cha Kifalme, yawezekana lilitoka Kigalisia na Kireno cha kale. Huko "enfadar" ilikuwa kukata tamaa, kuchoka, na ndani yake kuna "fado", ajali, majaaliwa, hasa yale mabaya, neno lilelile lililoupa jina muziki wa huzuni wa Lisbon. Mtu aliyelemewa na majaaliwa yake kwanza alichoka, na alipofika Madrid akawa amekasirika. Kireno kimebaki na ule uchovu: "enfadonho" kwao ni kitu cha kuchosha.

Kwa hiyo ukifika Santiago na mtu akakuudhi, unayo maneno ya kuchagua. "Enfadado" litaeleweka na kila mtu. "Anoxado" litaonyesha kuwa umesoma. Ukiwa kijiweni na marafiki utasikia "cabreado", ambalo limetokana na mbuzi, "cabra", na anayewajua mbuzi hahitaji maelezo. Ila chunga ile irabu ya mbele. Ukimwambia mwenye mkahawa "dáme noxo" ukidhani umemweleza hasira yako, atainama kwanza aangalie sahani.